Bandeji Zimetoka Nyeupe

6 Februari

Kaka,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima, mafua yamekwisha, kimebaki kikohozi cha asubuhi kinachowaudhi majirani zaidi yangu. Nisalimie wifi, mwambie kile kitambaa chake nimeshona gauni, na wenzangu kazini wananiuliza kimetoka duka gani. Nisalimie na Mwanasheria. Nasikia anamkatia rufaa mwalimu wa hesabu. Huyo binti amekurithi wewe, asisingiziwe mama yake.

Umeniuliza huku maabara nafanya nini hasa, maana watu wanakuuliza na wewe unawajibu napima damu. Kaka, sipimi damu. Nachemsha majani ya mpera.

Usicheke kwanza. Chumba chetu ni kirefu, kina dirisha moja lisilofunguka na friji mbili. Moja ni ya vijidudu, nyingine ya chakula chetu, na kila mlango umebandikwa karatasi kwa sababu kuna mtu aliwahi kukosea. Kazi yenyewe ni hii. Dawa tulizozoea zinaua vijidudu. Tatizo ni kwamba wale wachache wanaonusurika ndio wanaozaa, na watoto wao hawaiogopi tena dawa ile. Sisi tunajaribu njia nyingine. Tunawaacha hai, ila tunawanyang'anya silaha. Mwili wenyewe ndio unaokuja kumalizana nao wakiwa hawana kitu mkononi.

Kijidudu kimoja peke yake hakina ubavu wa kufanya vurugu. Kinatoa kemikali kidogo, kama anayeita kuuliza, "Tuko wangapi hapa?" Wakishasikia kwamba wametosha, ndipo wote kwa pamoja wanamwaga sumu. Wajomba zetu kabisa! Hakuna aliyethubutu kuulizia kiwanja cha mama mpaka walipofika watano sebuleni. Sasa, majani ya mpera yana kitu kinachoziba ule mwito. Wanabaki wanaitana na hawasikilizani.

Tunaye kijidudu mmoja wa kufanyia majaribio ambaye wakishaitana hugeuka rangi ya zambarau. Tunamwotesha kwenye sahani, tunaweka katikati kipande cha karatasi kilicholowekwa maji ya majani. Kesho yake sahani nzima ni zambarau, isipokuwa duara jeupe kuzunguka ile karatasi. Mgeni akiona duara anasema wamekufa. Hawajafa. Ukiinamia sahani unaona ukungu kama wa maziwa: wako hai, wamejaa tele, wamenyamaza tu.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Wakikuuliza tena, waambie dada yako anawafunga vijidudu midomo.

Masikio yako vipi? Ningependa siku moja nikupigie simu kama watu wengine.

Mdogo wako

&nbsp;

27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni, nikaipiga pasi kwanza ndipo nikaisoma. Sisi ni wazima. Wifi yako amefurahi sana habari ya gauni, sasa anajitapa kwa kila anayepita hapa. Mwanasheria ameshinda rufaa. Mwalimu amekubali kwamba swali lenyewe lilikuwa na kosa, na tangu siku hiyo humu ndani hakuna anayepumua. Ukimwambia akaoge anataka sababu tatu.

Masikio ni yale yale. La kushoto limestaafu, la kulia linafanya kazi likijisikia. Simu usinisumbue nayo, mimi ni mtu wa karatasi.

Kazi inakwenda. Ile nyumba ya wageni karibu na stendi imepata meneja mpya, kijana mwenye tai, anataka mashuka yakunjwe kona kali kama bahasha. Nikamwambia mashuka ni ya kulalia, si ya kutumia posta. Hakucheka, lakini ananiletea kazi, basi nami namkunjia.

Kuna kajambo kadogo. Usianze kulia. Ile pasi kubwa ya mkaa komeo lake lilikuwa limelegea, nikawa nasema nitalikaza kesho, kesho. Ikafunguka mdomo nimeinyanyua, makaa yakamwagika juu ya mguu wangu wa kulia, na kandambili ikayeyuka nao. Nilipiga kelele nikajisikia mwenyewe, na wewe unajua hilo si jambo dogo kwa masikio yangu. Kliniki wameosha, wamefunga, wamenipa vidonge, wakasema nirudi mara kwa mara na mguu usiguse maji. Dobi aambiwe asiguse maji!

Sasa nina swali la kitaalamu, fundi kwa fundi. Bandeji nafua mwenyewe, siwezi kumpa mtu mwingine. Zinatoka na rangi ya kijani inayoelekea buluu, na harufu tamutamu, kama tunda lililoiva likapitiliza. Nimetia sabuni, nimetia ndimu, nimeanika juani. Doa liko pale pale linanitazama. Kufua kote huku sijawahi kukutana na doa la namna hiyo, na linanikera kuliko mguu wenyewe. Ni nini?

Ni mimi kaka yako

&nbsp;

14 Machi

Kaka,

Naanza na mguu, salamu zitafuata. Ulipoandika kijani na harufu ya tunda nilijua hapo hapo, maana namnusa kila siku. Ni kijidudu cha majimaji. Anapenda sinki, ndoo, matambara yenye unyevu, na zaidi ya vyote anapenda kidonda cha moto. Ni mkaidi kwa dawa. Nenda kliniki usikose, waambie rangi na harufu kama ulivyoniambia mimi, na vidonge umalize. Nimempigia wifi, amesema unakwenda. Vizuri.

Haya, hamjambo? Mwambie Mwanasheria sababu ya kwanza ya kuoga ni pua za wenzake, mbili zilizobaki nitamtumia.

Sasa nikuambie kitu, Kaka, na ukae chini. Huyo huyo wako wa kijani ndiye tuliyehamia kwake mwezi huu! Ile rangi yake ni moja ya silaha zenyewe, anaitoa wakishaitana. Tulimwotesha kwenye mirija miwili. Mmoja mtupu, mwingine umetiwa maji ya mpera. Ule mtupu ulikuwa kijani kama maji ya bwawa. Ule wa mpera ulitoka karibu mweupe, na harufu hakuna! Nilipiga ukelele, bosi akatoka ofisini mwake na kijiko mkononi akidhani nimejimwagia kitu. Tumerudia mara nyingi, ni vile vile.

Nilikuwa nafikiria nitakuelezaje wewe, nikapata. Chukua nguo yenye doa baya. Dawa za kawaida ni kama kuitia nguo maji makali mpaka doa litoke na uzi ukatike. Hii yetu inalitoa doa, nguo inabaki salama. Unaona uzuri wake? Mwenzangu mmoja hapa anasema nimekuwa kichaa, naongea na mirija. Miaka yote ile umenisomesha kwa kunyoosha suruali za watu, leo nimeona kitu ambacho huenda kitaingia vitabuni, na ni majani ya mpera, ambao hata uani kwa jirani yako upo.

Bosi anataka tuandike ripoti kabla ya mwisho wa mwaka. Silali kwa furaha.

Kliniki, Kaka, usisahau.

Mdogo wako

&nbsp;

2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Wote tunakusalimu. Wifi yako ameanza kunisaidia pasi, na nasikitika kukuarifu kwamba kola anazipiga vizuri kuliko mimi. Wateja wameanza kumuulizia yeye. Mwanasheria amechaguliwa kiranja, kwa hiyo sasa ana mamlaka, Mungu atunusuru. Meneja wa tai ameagiza mapazia ya nyumba nzima. Mvua zimekuwa nyingi, nguo hazikauki, tumetandaza kamba mpaka chumbani, tunalala chini ya mashuka ya wageni yanayodondosha maji.

Kulikuwa na homa kidogo wiki iliyopita, hii ya msimu. Imenipitia mimi tu.

Nilitaka kukupa furaha. Barua yako ile niliisoma mara nyingi. Nilimwomba jirani majani, nikachemsha mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, nikawa naoshea mguu asubuhi na jioni. Huwezi kuamini. Kijani kikapungua, kikapungua, kikaisha. Harufu imekwenda. Leo nimefua bandeji za wiki nzima nikazianika mstari mmoja uani, nyeupe pee, kama za dukani, hata kwenye mkunjo hakuna alama. Nimesimama kuzitazama mpaka wifi yako akaniuliza kama ninamngojea mtu. Mdogo wangu, nakuambia kama fundi: doa limetoka. Kazi imekwisha. Uwaambie hao mabosi zako.

Mpera wa jirani umebaki matawi. Ananinunia.

Mguu una ganzi kidogo kuelekea kwenye vidole, ndiko kupona huko. Kiatu bado hakiingii.

Ni mimi kaka yako, mgonjwa wako wa kwanza

&nbsp;

11 Mei

Kaka,

Barua yako imefika leo na nimempigia wifi hapo hapo, kabla sijamaliza kuisoma. Amelia kwenye simu. Amesema ulimkataza kuniambia. Amesema kliniki uliacha tangu Machi, vidonge ulivifungia kwenye kabati, na vidole viwili vimekuwa vyeusi.

Soma hapa polepole. Nyeupe si kupona. Nyeupe ni kwamba wale wa juu, wanaofikiwa na maji, wamenyamaza. Hawajafa. Walioko chini kwenye nyama majani hayajawafikia, wana silaha zao zote, na sasa hakuna rangi wala harufu ya kukuonyesha. Ganzi si kupona. Homa si ya msimu.

Wifi ameniahidi kwamba leo hii mnakwenda hospitali kubwa, hata kama atakubeba kwenye toroli la nguo. Barua hii nakuandikia kwa sababu yeye anasema husikii, na najua si masikio. Karatasi huwa unaiamini. Basi iamini hii.

Nakata tiketi, nakuja.

&nbsp;

20 Juni

Kaka,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani, tukakaa kwenye kituo cha mafuta tukinywa soda za moto, lakini nimefika. Mpe wifi shukrani zangu kwa chakula cha safari. Mwanasheria mwambie nimeipokea ile hoja yake aliyoniandikia kwenye leso ya karatasi, kwamba shangazi mtu hapaswi kuondoka kabla ya mgonjwa kutoka wodini. Sina utetezi.

Siku zote zile nilikaa pembeni ya kitanda chako na hatukuongea lolote la maana. Wewe ulisimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha jirani na mkewe mwenye makeke. Mimi nilikumenyea machungwa. Shuka lilikuwa limelala bapa chini ya goti lako la kulia, na kila nilipolitazama wewe ulianza kisa kingine. Nilipofika niliambiwa na daktari kwamba wangechelewa kidogo tu ungekwenda wewe pamoja na mguu. Nilimshukuru, nikaenda msalani nikalia.

Nataka kusema sasa lile ambalo sikuweza kulisema pale. Nimezisoma tena barua zangu kichwani. Katika ile ya Machi nilikupa onyo kipande kidogo, furaha yangu ikajaza karatasi. Kibaya zaidi ni ule mfano wa doa. Nilijiona hodari, nakuandikia kwa lugha ya kazi yako. Nikasahau kwamba utaielewa kama dobi. Kwangu rangi ikitoka ndiyo kwanza kazi inaanza. Kwako rangi ikitoka unakunja nguo, unampa mwenyewe. Sentensi moja ya kujisifu imekugharimu mguu, na mguu huo ndio ulionisomesha. Uliusimamia kutwa nzima ili mimi nikae darasani.

Siwezi hata kuigusa ile ripoti. Bosi ananiuliza, namwambia naumwa kichwa.

Nisamehe.

Mdogo wako

&nbsp;

8 Julai

Mdogo wangu,

Nimerudi nyumbani. Salamu zote, wifi yako hajambo, Mwanasheria hajambo, jirani wa mpera ameninunulia uji, kwa hiyo amesamehe.

Barua yako imenikasirisha. Nimeisoma nikaitupa, wifi yako akaiokota, nikaisoma tena, bado imenikasirisha. Mimi nina magongo mawili ya kubeba tayari, usinibebeshe na majuto yako.

Sikiliza nikuambie kilichotokea Machi, maana nimemficha kila mtu na nimechoka kukificha. Kabla barua yako ya doa haijafika, nilikwenda kliniki. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ambayo hata mimi naisikia, alifungua bandeji, akanusa, akaniambia nilazwe siku hiyo hiyo. Akasema kidole kidogo huenda kikakatwa ili mguu upone. Kidole kimoja! Nikamwambia nakwenda kuaga nyumbani. Sikurudi. Nilikuja nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikatazama pasi, nikajiuliza dobi asiyeweza kusimama anaitwaje. Niliogopa, mdogo wangu. Mtu mzima mimi.

Ndipo barua yako ikaja. Na ile ya kwanza, ya zambarau, nilikuwa nayo pia. Niliyasoma yale maneno "wako hai, wamejaa tele". Niliyasoma vizuri, miwani ikiwa puani. Nikaamua kuamini ya doa kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Ungeniandikia habari ya viatu ningepata humo sababu ya kutokwenda hospitali. Hukunidanganya. Nilikuwa natafuta wa kunidanganya, sikumpata, nikajidanganya mwenyewe kwa mwandiko wako.

Yamekwisha. Ripoti iandike. Sikukusomesha uumwe kichwa.

Jana nilijaribu kupiga pasi. Gongo moja kwapani, pasi mkono wa pili. Shati la kwanza nimeliunguza kola. La pili nimeanguka nalo. Wifi yako hakunisaidia kuinuka, alisimama mlangoni akatazama pembeni mpaka nikainuka mwenyewe. Nimemwoa mwanamke mwenye akili.

Ni mimi kaka yako

&nbsp;

19 Agosti

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Kuhusu ile barua yako sitasema kitu, isipokuwa kwamba nimelia tena, lakini safari hii nimekula baada ya hapo. Nimerudi kwenye ripoti. Sehemu ya mwanzo nimeibadilisha. Nimeongeza aya inayosema wazi kwamba rangi kupotea si dalili ya kupona kwa mgonjwa, na kwamba kitu hiki kikija kuwa dawa, kitatumika pamoja na vidonge na wembe wa daktari, si badala yake. Bosi aliuliza kwa nini nimeiweka mbele namna ile. Nikamwambia nina ushahidi wa karibu.

Sasa nina ombi, na nimeliahirisha wiki nzima kwa sababu sijui utalipokeaje.

Hospitali ile, ikipata vidonda sugu, hutuletea vijidudu vyake huku maabara. Mwezi uliopita wakaleta shehena, na mimi ndiye niliyeifungua. Karatasi haina jina, hawaandiki majina, lakini kuna tarehe, mguu wa kulia, pasi ya mkaa. Ni wako, Kaka. Wako hai na wanaendelea vizuri kuliko sisi sote.

Tumewajaribu. Kati ya wote tulionao, hakuna wanaoitikia majani kama hao. Ukiwatia maji ya mpera wanaacha kila kitu, rangi, harufu, sumu, na hata ule utando wanaoutumia kujifungia ndani ya nyama unashindwa kushikana. Bosi anasema ndio tunaowahitaji kwa miaka ijayo. Wangewekwa kwenye baridi kali, na kila maabara inayofanya kazi hii ingeweza kuomba sehemu. Lakini kwa utaratibu wetu, tukimjua mtu waliyetoka kwake ni lazima tumwombe ruhusa. Ukisema hapana, nawachemsha wote siku hiyo hiyo kwa mikono yangu, na nitakuelewa.

Nakunakilia maelezo yanayoambatana nao, ili ujue unakubali nini: "Mwanaume, umri wa makamo, jeraha la moto mguu wa kulia, mguu umekatwa chini ya goti. Hana kazi."

Fikiri, usiharakishe.

Mdogo wako

&nbsp;

5 Septemba

Mdogo wangu,

Wote wazima. Wifi yako amepata tenda ya sare za kwaya, zile zenye marinda, na tangu hapo hataki kuongea na watu wa kawaida. Mwanasheria ameuliza kama vijidudu vilivyokula mguu wa baba yake vinaweza kushtakiwa. Nikamwambia amuulize shangazi yake.

Ombi lako nililisoma nikacheka, kisha nikatoka uani nikakaa. Mguu wangu umezikwa hata sijui wapi, wenyewe waliosababisha wanatunzwa kwenye friji na dada yangu anawalisha. Nilitaka kukujibu hapana. Niliandika kabisa, nikaichana. Maana nilimkumbuka yule muuguzi na sauti yake. Anafungua bandeji ngapi za kijani kwa siku, na wangapi wanamwambia wanakwenda kuaga nyumbani? Kama hao mashetani wangu wanaweza kumpa huyo mama kitu cha kuongeza mkononi mwake, wachukue. Nimekubali. Wagawie na wengine. Wafungeni midomo vizuri.

Lakini kuna jambo nalikataa, na nalikataa kwa nguvu zangu zote. Ni nani aliyeandika sina kazi?

Namkumbuka yule karani wa mapokezi. Alimuuliza wifi yako, "Anafanya kazi gani huyu?" Kabla hajajibiwa akainama akautazama mguu, akaandika mwenyewe. Mimi niliiona kalamu yake inavyokwenda. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kitu siku ile.

Nina nguvu leo. Seremala wa mtaa wa pili amenikatia miguu ya meza ya pasi, imeshuka usawa wa kifua changu nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Nanyoosha nimekaa. Mwanzoni mikono ilikuwa inauma kama ya mwanafunzi, sasa imezoea. Mashati naanza na kola, mikono, mgongo, kama siku zote. Mashuka bado ni ya wifi yako, sitasema uongo. Juzi meneja wa tai alikuja, akasimama pale akijifanya anatazama dari, akatazama ninavyofanya. Akaondoka. Jana ameleta mapazia yote ya ghorofa ya juu, akaniambia, "Kona kali, fundi."

Kwa hiyo kabla hujawatia kwenye hiyo baridi yenu, na kabla maabara yoyote haijawaomba, chukua hiyo karatasi ufute hapo mwisho. Mguu waseme umekatwa, ni kweli. Umri wa makamo, ni kweli, ingawa wangeweza kuwa na adabu. Lakini lile neno la mwisho ulifute mwenyewe, kwa mkono wako, uandike dobi.

Naishia hapa, mashati yananingoja.

Ni mimi kaka yako